Barua ya wazi: Babu yangu alikuwa mateka wa vita, msimwite mfungwa

Kwa Waheshimiwa mnaosimamia minara, makaburi ya vita na kumbukumbu za umma katika mji wetu wa Mombasa,

MINT: KUANDIKWA JINA LA ASKARI WA MOMBASA ALIYEFIA MIKONONI MWA ADUI MWAKA 1942

Waheshimiwa,

Baada ya salamu na heshima zote, naandika hadharani kwa kuwa faraghani nimeshindwa. Barua ya kwanza niliileta kwa mkono mwaka 2021, ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Ya pili niliileta 2022. Ya tatu na ya nne ni za 2023, na safari hizo mbili nilikuja na mamangu, ambaye kila ngazi kwake sasa ni kazi. Mihuri minne ninayo. Jibu la maandishi sina hata moja. Sitaitaja ofisi yenu wala afisa yeyote, kwa sababu sikuja kumwaibisha mtu. Mwenye faili anajijua.

Jina la babu yangu nalo sitaliandika hapa. Mamangu amelikataza. Amesema jina la babake halitatembea mitandaoni kabla halijakaa mahali pake penye heshima. Nyinyi mnalo, limo kwenye barua zote nne.

Huyu ni babu mzaa mama. Kabla ya vita alikuwa hamali bandarini Kilindini. Vita vilipokuja akaingia kikosi cha askari wa kazi, wale waliopakua meli, wakachimba mahandaki na kutengeneza barabara nyuma ya wapiganaji. Bunduki zao zilikuwa chache, sepetu nyingi. Akapanda meli hapa hapa Kilindini akiwa amemwacha bibi na mtoto mchanga, ndiye mamangu, aliyezaliwa 1940. Safari ikamfikisha Misri, kisha Libya.

Tarehe 21 Juni 1942 mji wa Tobruk uliangukia mikononi mwa jeshi la Rommel, jenerali wa Ujerumani. Askari wapatao 33,000 wa upande wa Uingereza walitekwa: Waingereza, Wahindi, Waafrika Kusini weupe kwa weusi, na miongoni mwao babu yangu. Waliotekwa huko wakakabidhiwa Waitaliano, waliokuwa upande mmoja na Wajerumani. Tunayoyajua baada ya hapo tuliletewa na mwenzake mmoja, mtu wa upande wa Kwale, aliyerudi 1946 na kuja kukaa kwenye baraza la bibi asubuhi nzima akisimulia. Alisema waliwekwa Benghazi wakipakua meli za adui, na usiku ndege za Waingereza zikija kuipiga bandari ile ile. Kazi ya Kilindini, kwa kipande cha mkate, chini ya mabomu ya upande wake mwenyewe. Babu akashikwa na tumbo la kuhara damu. Akafa kabla Waingereza hawajaurudia mji ule mwezi wa Novemba 1942. Mwenzake alisema walimwosha kwa maji kidogo waliyokuwa nayo, wakamswalia watu sita.

Sasa naeleza malalamiko yetu.

1. Neno.

Hili ndilo kubwa kuliko yote, na mtanisamehe nikirefusha.

Bibi alipata karatasi tatu kutoka jeshini. Ya kwanza ilisema mumewe hajulikani alipo. Ya pili ilisema yuko mikononi mwa adui. Ya tatu ilifika 1943 ikisema amefariki. Bibi alisoma Qur'ani tangu utotoni na herufi za Kiarabu alizijua vizuri, lakini Kiingereza hakukijua, kwa hivyo akaipeleka kwa jirani aliyekijua kidogo. Kwa Kiingereza, mwizi aliyefungwa na askari aliyetekwa huitwa kwa neno moja. Kinachowatenganisha ni maneno mawili yanayofuata, na jirani yule, Mungu amrehemu, maneno hayo mawili aliyaruka. Akamwambia bibi, "Mumeo amekufa mfungwa."

Bibi akauliza, "Kaiba nini?"

Swali hilo mamangu amelisikia likisimuliwa maisha yake yote. Mwanamke wa miaka ishirini na kitu anaambiwa mumewe amekufa, na kabla hajalia anauliza kosa lake. Hitima ilisomwa ndani, mlango umefungwa, watu wa nyumba tu. Wala eda bibi hakukaa. Eda ya mfiwa huhesabiwa tangu siku ya kifo, miezi minne na siku kumi, na karatasi ilipofika muda huo ulikuwa umeshapita. Wazee wakamwambia huna tena eda ya kukaa. Kwa hivyo alikuwa mjane na eda ikamalizika, yote bila yeye kujua. Mwaka wa kungoja ile karatasi ya kwanza mpaka ya tatu hakuwa mke wala mjane, na alipojua kuwa ni mjane, hata ile haki ya kukaa ndani na watu wakaja kumpa pole hakuipata.

Mamangu akaenda chuoni kusoma juzuu akiwa na miaka mitano. Watoto wakamwambia, "Babako kafia jela." Yule mzee wa Kwale alipokuja mwaka uliofuata na kueleza ukweli, ukweli uliishia barazani. Neno lilikuwa limeshatoka nje, na neno likishatoka mtaani kwetu Majengo kulirudisha si kazi ya siku moja.

Sasa, Waheshimiwa, mnisikilize hapa. Mwaka 2023, miaka themanini baada ya jirani yule, mamangu alisimama mbele ya dirisha la ofisi yenu amevaa buibui lake la sikukuu, ameshika karatasi tatu ndani ya bahasha. Afisa akazisoma, na nina hakika yeye Kiingereza anakijua vizuri, kisha akasema: "Lakini mama, huyu alikuwa mfungwa. Ukumbusho ni wa waliokufa vitani." Mamangu hakujibu. Alizichukua karatasi zake akazikunja palepale zilipokuwa zimekunjwa tangu 1943. Njiani hakusema neno mpaka tulipofika nyumbani.

Najua magazeti huandika "mfungwa wa vita", na anayelisoma neno zima hapotei. Lakini watu hulikata, na likikatwa linabaki neno la jela. Kiswahili kina neno lake, mateka, na kila mtoto wa pwani analijua. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1929, ambao Uingereza na Italia zote mbili ziliufunga, uliwahesabu watu hawa kuwa askari mpaka siku ya mwisho. Kifungu chake cha 76 kinataka aliyekufa katika kutekwa azikwe kwa heshima, kaburi lake litiwe alama na litunzwe. Mateka hajaacha vita. Vita ndivyo vimemshika.

2. Jina lenyewe.

Mlituambia kwamba karatasi tatu zina majina matatu, kwa hivyo haijulikani kama ni mtu mmoja. Ni mtu mmoja. Makarani waliandika jina la Kiislamu kwa masikio ya Kizungu. Penye "kh" mmoja kaandika "h", mwingine "k". Katika karatasi ya pili jina la babake babu limetangulia la babake. Nambari ya jeshi ni ile ile kwenye zote tatu, na hilo nimelionyesha kwa wino mwekundu katika barua ya pili na ya nne. Zaidi ya hayo, jina lake kamili bibi aliliandika kwa hati za Kiarabu kwenye ukurasa wa kwanza wa juzuu yake, pamoja na siku aliyopanda meli. Juzuu hiyo tulikuja nayo. Hakuna aliyeifungua.

3. Mahali.

Pale Jomo Kenyatta Avenue upo Mnara wa Askari, uliowekwa kwa ajili ya askari na wapagazi wa Afrika katika vita vya 1914 hadi 1918. Maandishi yake yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi, na yanaahidi kwamba mtu akipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Nimesimama hapo mara nyingi. Ahadi ya jina ipo, jina halipo hata moja. Nenda sasa Mbaraki kwenye makaburi ya vita, utasoma jina baada ya jina, cheo, siku ya kufa. Nilikwenda pia Nairobi, Ngong Road, nikatembea na kidole ukutani kutwa nzima. Waliokufa safari ya Somalia na Uhabeshi wanakumbukwa pale. Wangu sikumpata.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti yake yenyewe na kukiri kwamba, katika vita vile vya kwanza, watu kati ya 116,000 na 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza ikaomba radhi bungeni mwezi huo huo wa Aprili. Mamangu aliisikia habari hiyo redioni akiwa jikoni, akaniita: "Leo andika." Ndipo ikaja barua ya kwanza. Babu ni wa vita vya pili, nalijua hilo. Lakini mlango ukishafunguliwa kwa aliyesahauliwa mmoja, wa pili naye hupiga hodi.

Tena nataka kuwaelekeza mahali ambapo huenda hamkupafikiria. Nendeni Nyeri. Waitaliano waliotekwa Uhabeshi mwaka 1941 waliletwa Kenya kwa maelfu, na wengi walikufa wakiwa mateka katika ardhi yetu. Kiongozi wao, Amedeo, Mwanamfalme wa Aosta, alifia Nairobi tarehe 3 Machi 1942 akiwa mateka wa Waingereza. Leo amelala Nyeri, ndani ya kanisa lililojengwa kwa ajili yao, pamoja na mabaki ya askari zaidi ya 600. Watu wa kwao huja kuwaombea. Ukiteremka Mai Mahiu utakikuta kikanisa kidogo ambacho mateka hao walikijenga wenyewe walipokuwa wakichimba barabara, na mpaka leo madereva husimama hapo.

Siwaonei kijicho. Nilipofika Nyeri nilisoma dua, kwa sababu na wao wana mama zao. Lakini nilikaa pale kwenye ngazi nikawaza: mwaka ule ule wa 1942 Mwitaliano anafia Kenya mikononi mwa Waingereza, na mtu wa Mombasa anafia Libya mikononi mwa Waitaliano. Wa kwao kapewa nyumba ndani ya nchi yetu. Wa kwetu hana hata msumari ndani ya mji wake. Kosa hapa si la Waitaliano. Wao walimtafuta mtu wao.

4. Wakati.

Mamangu ana umri wa miaka 85. Hili halihitaji maelezo.

Waheshimiwa, najua mtakayosema, maana mengine mmeshanijibu kwa mdomo kwenye dirisha.

Mtasema hayo ni ya Waingereza. Ni kweli kwamba jeshi lilikuwa lao na deni la kwanza ni lao, na kwao pia nimeandika. Lakini minara iko katika ardhi yetu, mnaifyekea nyasi nyinyi, na aliyeondoka Kilindini alikuwa mwana wa mji huu. Kumpa mtu wenu jina katika mji wenu hakuhitaji ruhusa ya London.

Mtasema hakuna fungu la fedha. Sijaomba fedha. Wajukuu tumeshakubaliana kuchanga, na fundi wa kuchonga mawe yupo. Tunachokosa ni kibali na mahali.

Mtasema mkianza na mmoja watakuja wengi. Waje! Naomba waje. Nina yakini kuna nyumba nyingine Likoni, Kisauni, Changamwe na huko Kwale na Kilifi zenye bahasha kama yetu chini ya godoro, na pengine nao waliambiwa wao ni wa mfungwa. Nasikitika tu kwamba walio wengi kati ya watoto wa askari hao wameshatangulia.

Liko na hili la mwisho, linalosemwa na vijana zaidi kuliko na ofisi: kwamba babu alipigania mkoloni, tumkumbuke kwa lipi? Hili silipuuzi, maana hata mimi lilinisumbua miaka mingi. Wako waliojiandikisha kwa ajili ya mshahara, wako waliochukuliwa kwa nguvu, na babu yangu alikuwa wa upande gani bibi hakupata kusema. Lakini fikirieni tunachokifanya tukimnyima jina kwa sababu hiyo. Mkoloni alimtumia kama nambari, kisha sisi tunamwacha abaki nambari. Hajengewi sanamu ya ushujaa. Anaandikwa kwamba alikuwapo, alitoka hapa, alitekwa, na hakurudi.

Tunaomba hivi. Kwanza kabisa jibu la maandishi ndani ya siku 30, likiwa na jina la afisa atakayeshika faili hili, ili nisianze upya kila nikija. Pili, ofisi yenu iandikie Shirika la Msalaba Mwekundu la Kimataifa mjini Geneva, ambako kadi za mateka wa vita vile zimehifadhiwa, na iandikie Tume ya Makaburi ya Vita, kuuliza alizikwa wapi na jina lake liko ukuta gani. Barua yenye nembo hubeba uzito ambao barua ya mjukuu haina. Tatu, kibali cha kuweka jiwe, iwe karibu na Mnara wa Askari au Mbaraki, mtakapoona panafaa, la watu wa Mombasa na pwani waliofia mikononi mwa adui katika vita vile, na nafasi iachwe kwa majina mengine yatakayoletwa. Maandishi yawe kwa Kiswahili, na neno liwe mateka wa vita.

La nne si la karatasi. Naomba mmoja wenu, yeyote, aje nyumbani Majengo, akae na mamangu dakika kumi, amwambie kwa kinywa chake kwamba babake hakufia jela. Mimi nimemwambia mara elfu, lakini mimi ni mwanawe. Alilisikia lile neno kutoka kwenye dirisha lenye nembo, na anastahili kusikia likirekebishwa na mtu wa dirisha hilo hilo. Kahawa itakuwapo.

Mamangu ameshaliandika jina la babake kwenye karatasi safi, kwa hati za Kiarabu juu na za Kizungu chini, herufi moja moja, pamoja na ile "kh" iliyopotea. Ameiweka kwenye bweta pamoja na zile tatu za jeshi. Siku fundi atakapokuja kuchonga, tutampa hiyo.

Wenu kwa heshima,

Mjukuu wake, kwa niaba ya mamangu
Majengo, Mombasa